Baba wa Kwenye Rejista

"Silasi!"

Karani Mayala alisubiri kidogo, akautazama umati uliokaa chini mbele ya shule, kisha akaita tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusoma majina mia moja na koo limemkauka.

"Mkuu wa kaya, Silasi! Dereva, Musoma! Yupo au hayupo?"

Hakuna aliyeitika. Wanawake waligeuka kutazamana, kila mmoja akitaka kumwona huyo mwenzao aliyebahatika kuolewa na dereva. Marcelina naye aligeuka kutazama. Binti yake Wankyo, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa amesimama ukutani pamoja na wenzake wa darasa la tano, na yeye hakugeuka.

"Mke, Marcelina," karani aliendelea. "Mtoto mmoja, Wankyo. Mkuu wa kaya hayupo, kiwanja kinasubiri. Asipofika mwenyewe Jumamosi, anapewa mwingine. Serikali haigawi viwanja kwa watu wasioonekana. Anayefuata: Boke, mjane, hana mtoto. Huyu atahesabiwa kwa shemeji yake, Ryoba."

"Huyo Silasi ndiye nani?" aliuliza Bibi Boke. Alikuwa bado amekaa chini, miguu ameinyoosha, fimbo yake mapajani.

Waliotoka naye kitongoji kimoja wakaangua kicheko. Mayala alidhani anachekwa yeye. Alifunga daftari lake, akalitia kwenye mfuko wa turubali.

"Majina yote haya yametoka kwenye vitabu vya serikali," alisema. "Mwenye malalamiko ayalete Jumamosi." Akapanda baiskeli yake, akashika njia ya Bunda, na kwa siku nne hakuonekana tena.

Mtu wa Mara akisikia habari hii hahitaji kuelezwa, lakini Mayala alikuwa mgeni kutoka Mwanza, na hakuna aliyempasha. Boke alifiwa na mumewe bila kujaliwa mtoto. Kwao, mwanamke wa namna hiyo akiwa na mifugo huoa. Basi Boke alipeleka ng'ombe kumi na wawili kwa wazazi wa Marcelina, akamwoa, na mtoto aliyezaliwa akawa wa Boke na wa boma la Boke. Wao huiita nyumba ntobhu. Mwanamume aliyemzaa hakuulizwa, wala hakuwa na la kudai. Wankyo alimwita Boke bibi kwa ajili ya mvi zake, lakini kule walikotoka hata watoto wadogo walijua kwamba huyo bibi ndiye baba.

Kule walikotoka. Hapa kwenye kijiji kipya palikuwa pengine kabisa. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, Operesheni Vijiji imepamba moto, na watu wa vitongoji vitatu walikuwa wameshushwa kwenye uwanda mmoja kati ya Bunda na Nyamuswa, nyumba zao za zamani zimebomolewa ili wasirudi. Walikuwa wakilala kwenye vibanda vya nyasi huku wakingoja viwanja, na kwa sababu viwanja vilipimwa kwa kamba, vimenyooka kama matuta ya pamba, wenyewe walipaita Mstarini.

Shule nayo ilikuwa mpya. Siku ya kwanza, Mwalimu Dorotea alipofungua rejista na kuuliza jina la baba, mtoto aliyekuwa mbele ya Wankyo alijibu kwamba yeye hana, na darasa zima likacheka. Wankyo alizitazama zile nyuso asizozijua, wa kitongoji chao hakuwamo hata mmoja. Alijua kwamba jibu lake lingekuwa la ajabu kuliko hilo. Jana yake walikuwa wamehamishwa kwa lori, na dereva, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, alimpakia mbele akamruhusu apige honi. Mgambo walikuwa wakimwita Silasi.

"Silasi," Wankyo alisema. "Ni dereva. Yuko Musoma."

Lilimtoka kama chafya. Mwalimu akaandika. Karani alipokuja kuorodhesha kaya, hakwenda kibanda kwa kibanda. Aliona jua ni kali, akakaa kivulini na rejista ya shule, akanakili, na wajane wasiokuwamo humo akawagawa kwa ndugu za waume zao.

*

"Makarani wanakoseaga," alisema Marcelina siku ile jioni, akisonga ugali wa udaga, unga wa muhogo mkavu. "Lakini kukosea kwa kumpa mtu mume! Huyu kamtoa wapi?"

"Jumamosi atatwambia," alisema Boke.

Wankyo alikuwa akichambua furu, samaki wadogo wakavu, kwenye ungo. Alitaka kusema. Maneno aliyapanga vizuri kichwani, la kwanza, la pili, na kila alipofungua mdomo alimwona Boke akiwa ameketi kwenye kigoda, mikono yake mikubwa imeshika magoti, na maneno yakarudi yalikotoka. Angewezaje kumwambia? Aseme nini, kwamba aliona haya?

Kesho yake alikuja Ryoba. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Boke, mtu wa kucheka hovyo na mwenye macho yasiyocheka. Kabla ya kusalimia alipita kwenye ng'ombe wanne wa Boke waliofungwa nyuma ya kibanda, akawapapasa migongo mmoja mmoja.

"Shemeji, mimi sikuandika," alisema alipokwisha kukaa. "Serikali ndiyo imeandika. Lakini imeona mbali. Wewe umezeeka. Hizi ng'ombe nitazitia zizi moja na zangu."

"Na mke wangu? Na mtoto?" aliuliza Boke.

"Huyo Silasi asipokuja, Marcelina ni mke hana mume. Na aliolewa na ng'ombe za kaka yangu. Sasa aende wapi? Wote mnakuja kwangu." Akamgeukia Wankyo, akamtazama kuanzia miguu kupanda juu, kama alivyotazama ng'ombe. "Na huyu naye amekua. Kuna mtu huko Nyamuswa, mifugo yake mpaka anasahau hesabu. Ananiulizaga habari za huyu tangu mwaka jana."

"Anasoma," alisema Marcelina.

"Atasomaga mpaka lini?"

Wankyo aliona jinsi mama yake alivyoshika mwiko, akiubana mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Shemeji, maji umekunywa?" Boke aliuliza.

"Nimekunywa."

"Basi nenda."

Ryoba alicheka, akaondoka taratibu kama mtu anayeacha mali yake mahali salama. Halafu Boke alisema jambo ambalo Wankyo hajapata kulisikia kwake, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake.

"Marcelina, mimi naogopa. Kule kwetu nilijua nimwite mzee gani. Hapa wanasoma karatasi tu."

Kama kuna saa ambayo Wankyo angepaswa kusema, ilikuwa hiyo. Badala yake aliinuka akachukua ndoo.

*

Kisimani alimkuta Pelagia. Pelagia alikuwa rafiki yake tangu wiki ya kwanza Mstarini, binti wa balozi wa nyumba kumi aitwaye Keraryo, nao walitoka kitongoji cha ng'ambo ya mto, ndiyo maana hakujua lolote la nyumba ya Boke. Alikuwa msichana wa kusema sana na wa kusali sana. Hao wawili walikaa dawati moja, wakala muhogo mmoja, na Pelagia aliamini kila alichoambiwa na Wankyo kuhusu dereva wa Musoma, pamoja na mengine aliyojiongezea mwenyewe.

"Usiogope," alimwambia, akimtwisha ndoo. "Atakuja tu. Jumapili zote nne nimemwombea baba yako, asipate ajali njiani. Ile barabara ya Butiama ina kona mbaya."

"Pelagia."

"Nini?"

"Usimwombee tena."

"Kwa nini?"

Wankyo alitazama maji yakicheza ndani ya ndoo ya Pelagia. "Basi tu."

Pelagia alimhurumia. Alidhani ameelewa: huyo baba ni wale wanaotelekeza familia zao, wakapata wanawake wengine mjini, na mtoto anaona aibu. Alimshika mkono rafiki yake, akashusha sauti.

"Jumamosi lori linaleta mbao za ghala. Nimesikia baba akisema na mgambo. Na dereva ni Silasi! Nisikie, Wankyo. Huna haja ya kumtafuta. Mungu anamleta."

Wankyo aliachia ndoo. Maji yote yakamwagika miguuni mwao.

"Usimwambie mtu! Pelagia, niapie!"

"Haya, haya, naapa," alisema Pelagia. Lakini kuna viapo ambavyo mtu anaapa huku moyoni akijisemea kwamba kumsaidia rafiki si kuvunja kiapo, na hicho kilikuwa cha namna hiyo.

Usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa Wankyo hakulala vizuri. Alimwazia yule mtu wa Nyamuswa asiyejua hesabu ya mifugo yake, akamwona na uso wa Ryoba. Aliomba lori liharibike njiani. Halafu alikumbuka upole wa yule dereva, akaomba liharibike bila mtu kuumia.

*

Lori halikuharibika. Jumamosi saa nne asubuhi lilifika likiyumba, limejaa mbao, likasimama kando ya meza ya karani, na Silasi akashuka akijinyoosha mgongo. Watu wote wa Mstarini walikuwa pale. Mayala alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kaya ya saba.

Pelagia hakungoja. Alimkimbilia baba yake aliyesimama karibu na meza, akamnong'oneza huku akionyesha kwa kidole. Keraryo alishangaa, akamwinamia karani. Karani akanyanyua uso.

"Silasi! Wewe dereva! Njoo hapa!"

Dereva alikuja akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Wewe ni Silasi wa Musoma?"

"Ndiye mimi, Ndugu."

"Sasa unatuchezea? Familia yako inalala nje, wewe unapita na gari! Marcelina yuko wapi? Mtoto yuko wapi? Hebu mtoto apite mbele."

Mikono ya watu ilimsukuma Wankyo, yuko mbele hata kabla hajajua anatembea. Nyuma yake alimsikia mama yake akisema, "Huyo simjui! Jamani, huyo mtu simjui!" na watu wakicheka, kwa sababu hivyo ndivyo wake waliotelekezwa husema. Pembeni Ryoba alikuwa ameegemea fimbo yake, ametulia. Likiwa hivi au vile, kwake lilikuwa zuri: Silasi akikataa, wote watatu ni wa Ryoba, akikubali, Boke na ng'ombe wake ni wa Ryoba.

"Huyu ni mtoto wako?" karani alimuuliza dereva.

Silasi alimtazama Wankyo. Alimkumbuka, yule wa honi. Akauona uso wake uliosawijika, akaona jinsi mtoto huyu anavyoomba kitu bila kusema. Hakujua ni kitu gani. Lakini alikuwa mtu mwema, naye ameshabebesha lori lake watu wengi wanaolia mwaka ule, akachoka kuwa upande wa kuwaliza.

"Aa," alisema polepole. "Sasa... kama mtoto mwenyewe anasema, mimi ni nani nika..."

"Hapana!"

Wankyo hakuijua sauti yake. Ilikuwa kubwa mno.

"Hapana nini?" alisema Mayala.

"Si baba yangu. Nilidanganya. Mwalimu aliniuliza nikataja jina la dereva. Hanijui. Alinipakia tu."

Mgambo mmoja alijongea hatua moja, na Wankyo akadhani sasa anakamatwa, anapelekwa Bunda, anafungwa kwa kuidanganya serikali. Hata hivyo aliona ameshatumbukia, na kusema nusu kungekuwa kubaya kuliko kusema yote.

"Kwa hiyo baba yako ni nani?" Mayala aliuliza kwa hasira. "Sema upesi! Nina kaya tisini hapa!"

Darasa la tano lote lilikuwa pale. Pelagia alikuwa pale, ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ni Boke."

"Boke yupi? Mzee Boke nani?"

"Yule pale," alisema Wankyo, akanyoosha kidole upande wa wanawake. "Ndiye aliyetoa ng'ombe. Ndiye baba yangu."

Kicheko kilipasuka, hasa cha watoto. Mayala hakucheka. Aligonga meza kwa kalamu, akauliza kama kijiji kizima kimemfanya mjinga. Keraryo akainama, akamweleza taratibu mambo ya nyumba ntobhu, na karani akasikiliza huku uso wake ukibadilika kutoka hasira kwenda kwenye uchovu.

"Maneno matupu," alisema Ryoba akisogea. "Ndugu Karani, huyu mama ni mjane. Ng'ombe zilikuwa za marehemu kaka yangu."

Hapo ndipo Boke aliposimama. Alichukua muda, magoti yalikuwa yakimsumbua, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

"Ryoba," alisema. "Zile kumi na mbili, nani aliziswaga mpaka kwa kina Marcelina?"

Ryoba alikohoa.

"Ninakuuliza wewe."

"Nilikuwaga mdogo."

"Ulikuwa na ndevu! Ukanywa pombe ya harusi yangu siku tatu, ukalala nje ukanyeshewa. Ulipoamka ulisemaje? Ulisema, shemeji, sasa na wewe ni mwanamume. Waulize hawa, walikuwepo."

"Walikuwepo!" walipiga kelele wazee wa kitongoji chao, na safari hii kicheko kilimwelekea mwingine.

Mayala aliichukua fomu, akaigeuza huku na huku kama atapata mahali palipotengwa kwa mambo hayo. Mwishowe alikata mistari miwili, akaandika upya, akisoma kwa sauti anapoandika: mkuu wa kaya, Boke, na Marcelina, na mtoto, Wankyo, kiwanja namba thelathini na moja. Akasema mwalimu lazima arekebishe rejista yake, na mzazi mwenyewe aende kuweka sahihi, asije akaulizwa Bunda. Kisha akaita kaya ya nane.

Silasi alimpita Wankyo akirudi kwenye lori. "Pole, mwanangu," alimwambia, na neno hilo lilimchoma, ingawa dereva hakukusudia.

Pelagia alikuwa akimngoja nyuma ya shule. Alikuwa akilia.

"Jumapili nne," alisema. "Nilimwombea Jumapili nne mtu ambaye hayupo. Ulikuwa ukinicheka?"

"Sikukucheka."

"Basi ulinionaje?"

Pelagia akaenda zake.

*

Boke hakumpiga. Hakumgombeza. Kiwanja walipewa, Marcelina akaanza kukata fito siku hiyo hiyo kwa furaha, lakini Boke hakumsemesha Wankyo Jumamosi ile, wala Jumapili asubuhi. Alipotaka maji aliyachota mwenyewe. Wankyo hakuwahi kuogopa hivi, hata pale mbele ya meza. Ryoba angemchukua mwili tu. Boke alikuwa akienda zake kabisa, akiwa amekaa pale pale kwenye kigoda.

Jumapili mchana alishindwa. Akaenda akapiga magoti mbele yake.

"Bibi, nisamehe."

Boke aliendelea kusokota kamba ya katani kwenye paja lake.

"Huyo dereva," alisema. "Alikupa nini?"

"Alinipakia mbele. Akaniacha nipige honi."

"Na nini tena?"

"Basi."

Boke aliitazama kamba yake.

"Mimi nilitoa ng'ombe kumi na mbili," alisema. "Yeye katoa honi."

Wankyo alilia mpaka akakosa pumzi. Alimwambia yote, kicheko cha darasani, haya aliyoona, na kwamba alimwonea haya yeye, Boke, ambaye hakumkosea chochote. Kulisema hilo kulimuuma kuliko mengine yote. Boke alimwacha aseme mpaka mwisho. Halafu alimkabidhi ncha moja ya kamba.

"Shika hapa," alisema. "Vuta. Hii ni ya kufungia paa."

*

Jumatatu, Boke alivaa koti la marehemu mumewe juu ya kanga zake, akafuatana na Wankyo hadi shuleni. Wankyo alitembea karibu naye. Kila walipompita mtoto alijua anatazamwa.

Darasani, Pelagia alikuwa ameweka mfuko wake juu ya nafasi ya Wankyo. Hakumtazama.

Mwalimu Dorotea alisimama, akamkaribisha mgeni kwa heshima, akafungua rejista mezani. Alikwisha kusikia yote. Wankyo alipewa adhabu ya kumwagilia miche ya shule wiki nzima, akaitikia. Kisha mwalimu akachukua kalamu.

"Jina la baba?"

"Boke," alisema Wankyo.

Mtu mmoja nyuma alikoroma kwa kicheko, na wengine wakaanza kumfuata. Pelagia akageuka mzima mzima kwenye benchi.

"Mnacheka nini?" aliuliza. Alikuwa binti wa balozi, na wakanyamaza. Kisha, bado hajamtazama rafiki yake, akauchukua mfuko wake, akauweka chini.

Mwalimu alisogeza kidau cha wino, akaonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa sahihi ya baba. Boke alichovya dole gumba. Aliliweka juu ya karatasi, akaligandamiza kwa uzito wake wote, kama anayemtia ng'ombe alama, na alipolitoa mistari yote ya ngozi yake ilikuwa pale, myeusi, inaonekana vizuri.

Alikitazama kitabu kwa muda. Hakujua kusoma.

"Na yule mwingine?" aliuliza. "Mmemtoa?"

"Nimemkata, Mama. Huu hapa mstari."

Boke aliinama, akausogelea ule mstari kwa macho yake mabovu.

"Kata tena," alisema.

Mwalimu Dorotea akachukua rula, akakata tena.